Miligramu zipo zote ila dawa haitoki: kidonge kilekile kinavyoweza kumwangusha mgonjwa

Swali nimelifupisha kidogo, liko hivi: "Shikamoo daktari. Mama yangu anatumia karbamazepini ya 200 kwa ajili ya kifafa, mwaka wa sita sasa, na alikua hajaanguka muda mrefu. Miezi miwili iliyopita tukapewa ya kampuni nyingine, halafu mimi nikavitoa vidonge vyote kwenye pakti nikavimimina kwenye kopo moja ili asisahau kumeza, kopo tunaliweka bafuni karibu na miswaki. Wiki tatu hizi ameanguka mara mbili. Duka la dawa wanasema dawa ni ileile na miligramu ni zilezile. Jirani anasema ni feki. Dawa moja inaweza kweli kufanya kazi tofauti? Na naona vidonge vimekua vigumu sana, nikivisaga ndo nimpe itasaidia?"

Marahaba mdogo wangu, na mpe mama pole sana. Nikurekebishe kidogo tu, mimi sio daktari, ni mfamasia niliyekaa miaka mingi maabara ya vidonge, kazi yangu ilikua kuvivunja, kuviyeyusha na kuvichungulia kwenye hadubini, kwahiyo mimi nitajibu habari za kidonge na habari za mama utazipeleka kwa daktari wake, tena wiki hii hii usivute siku. Na kabla hatujaenda popote: asiache dawa ghafla eti kwa sababu haieleweki. Karbamazepini ikikatwa ghafla kifafa kinaweza kurudi na hasira zake zote, na akianguka akaendelea kutikisika zaidi ya dakika tano hapo hakuna cha kusubiri, ni hospitali.

Sasa swali. Ndio, dawa ileile, miligramu zilezile, inaweza kufanya kazi tofauti, na haihitaji kuwa feki. Hili neno feki linaharakishwa sana, kila dawa ikigoma basi feki, feki zipo na zinaua watu lakini kuna kitu kingine ambacho hata ukipeleka kidonge maabara wakakipima wanakuambia 200 zimo zote, kamili, hakuna iliyopungua, na bado mgonjwa anaanguka. Miligramu ziko ndani ya kidonge ila hazitoki. Hapo ndo penye kesi ya mama yako kwa ninavyoona mimi, na dalili umenitajia mwenyewe bila kujua: vidonge vimekua vigumu.

Twende taratibu. Watu wanakifikiria kidonge kama bahasha, ukimeza bahasha dawa imeshafika. Haijafika bado. Kidonge kikitua tumboni kinatakiwa kwanza kilowe kipasuke, kikipasuka zinabaki chembechembe, hizo chembechembe nazo zinatakiwa ziyeyuke kabisa zipotee kwenye maji ya tumbo na utumbo, na kile kilichoyeyuka peke yake ndo kinapenya ukuta wa utumbo kuelekea kwenye damu. Chembe ambayo haijayeyuka haipenyi, inasafirishwa na mengine mpaka chooni. Kuna dawa zinayeyuka kirahisi kama chumvi hizo hazina shida, hata ukizitengeneza vibaya kidogo zitafika. Karbamazepini haimo humo, yenyewe na maji hawapatani, inayeyuka kwa shida hata ikiwa kwenye hali yake nzuri, kwahiyo kitu chochote kinachopunguza kuyeyuka kwake kinaonekana moja kwa moja kwa mgonjwa.

Na kuyeyuka kunategemea nini? Kwanza ukubwa wa chembe, hili ni la zamani, wanakemia Noyes na Whitney waliandika kanuni ya kasi ya kuyeyuka mwaka 1897, na waliowafuata wakaongezea kwamba kasi hiyo inafuata eneo la uso linaloguswa na kimiminika. Chukua kipande cha mraba cha sentimita moja kila upande, nje yake kina eneo la sentimita za mraba 6. Kikate vipande vya milimita moja moja, uzito ni uleule lakini eneo limekua 60. Kisage mpaka vipande vya mikromita kumi, eneo linafika 6,000, yani ukitandaza unafunika meza ndogo. Dawa ya fangasi inaitwa griseofulvini ilifundisha watu hili vizuri sana, ilivyosagwa ikawa laini zaidi dozi ikashuka maana kiasi kidogo kilikua kinafika kulekule, ndo maana mpaka leo ina dozi mbili tofauti kutegemea imesagwa kiasi gani.

Lakini ukubwa wa chembe ndo sehemu nyepesi ya hii hadithi. Sehemu ngumu, na ndo ninayoipenda nikisema ukweli, ni molekuli zimejipangaje ndani ya hiyo chembe. Grafiti, ile nyeusi iliyomo kwenye ncha ya penseli, na almasi zote ni kaboni. Kaboni ileile, hujaongeza kitu hujatoa kitu, moja unaandikia inabaki kwenye karatasi nyingine inakata kioo, tofauti ni mpangilio tu. Dawa nazo ziko hivyo hivyo. Molekuli za dawa zikikauka zinajipanga safu safu zinakua fuwele, na dawa moja inaweza kuwa na mipangilio miwili, mitatu, mitano, kila mpangilio tunauita polimofu. Ndani ya mpangilio mmoja molekuli zimeshikana sana, maji yakija yanapata kazi ya kuzibandua, kwenye mwingine zimeshikana kilegelege zinaachia haraka. Na kuna hali ya tatu ambayo hazijajipanga kabisa, zimelala ovyo kama nguo zilizotupwa kitandani, hiyo tunaiita amofasi, yenyewe ndo inayeyuka haraka kuliko zote.

Mtu atasema basi tutumie inayoyeyuka haraka siku zote tumalize kesi. Shida ni kwamba ile iliyolegea haitulii. Molekuli zinatafuta kujipanga vizuri zaidi zishikane zaidi, leo usiku, mwezi ujao, au baada ya miaka miwili kabatini, na zikishajipanga hazirudi zenyewe. Kazi nzima ya mtengenezaji wa vidonge ni kuchagua mpangilio unaoyeyuka vya kutosha na unaotulia vya kutosha, halafu aombe Mungu.

Maji nayo yanaingilia. Kuna dawa zinakaribisha molekuli za maji ndani ya fuwele kama wapangaji, inakua fuwele mpya kabisa, tunaiita haidreti. Karbamazepini ndo bingwa wa huo mchezo. Ile inayowekwa kwenye kidonge ni kavu haina maji ndani, ikikutana na unyevu wa kutosha inachukua molekuli mbili za maji kwa kila molekuli moja ya dawa na inageuka dihaidreti, na hiyo dihaidreti inayeyuka kidogo kuliko ile kavu.

Hii nimeiona kwa macho. Unachukua unga mkavu wa karbamazepini kidogo tu, unauweka kwenye kioo cha hadubini, unadondoshea tone la maji, unakaa. Mwanzoni unaona vipande vifupi vifupi vinene vimelala tu. Unaenda kunywa chai unarudi, pembeni ya kile kipande kuna kitu kama unywele, halafu unywele wa pili, baadae kipande chote kimeota sindano nyembamba ndefu zinakwenda kila upande kama nungunungu aliyekasirika. Maji yaleyale, dawa ileile, ila ulichokiweka na unachokiangalia sasa ni vitu viwili. Mara ya kwanza nilimwita mwenzangu nikidhani nimechafua kioo, akacheka sana.

Sasa fikiria hayo yanatokea ndani ya kidonge, taratibu, bafuni, kila mtu akioga mvuke unajaa, kopo linafunguliwa asubuhi na jioni. Zile sindano zinaota katikati ya unga uliogandamizwa na kufungana kama vyuma ndani ya zege, na gundi ya kidonge nayo ikilowa na kukauka inakaza. Ndo ugumu unaouhisi kwa vidole. Kidonge ambacho kilitakiwa kipasuke kwa dakika chache kinakaa tumboni kama kokoto, na kikija kupasuka kinatoa fuwele inayoyeyuka kwa shida zaidi. Sio nadharia hii, Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 walikua na wagonjwa wanarudi kuanguka wakati dawa wanameza, kuna vidonge vya karbamazepini vikaondolewa sokoni, na mamlaka yao ya dawa ikatoa onyo kwamba vidonge hivi vikikaa penye unyevu vinaweza kupoteza mpaka theluthi moja ya nguvu yake. Theluthi moja ya 200 piga hesabu mwenyewe, na miligramu ukizipima zipo palepale.

Tunalijuaje kabla mgonjwa hajaanguka? Kuna kipimo, chombo cha kioo kama jagi la karibu lita moja, maji ndani yanatunzwa nyuzi 37 kama mwili, kasia linazunguka polepole mara 50 au 75 kwa dakika, unadumbukiza kidonge unachota sampuli kila baada ya muda unapima kilichoyeyuka. Kidonge kizima kinaanza kumomonyoka mbele yako, ukungu unapanda. Kidonge kilicholala kwenye unyevu unakiona kimekaa chini ya kasia, maji yanazunguka juu yake meupe safi, unaangalia saa unaangalia kidonge. Halafu kuna mashine ya eksirei ambayo unapitishia unga inakuchorea mistari, kila mpangilio wa fuwele una mistari yake kama alama za vidole, kwahiyo ukiuliza "wewe ni nani sasa hivi" unga unajibu wenyewe. Na viwanda vinatakiwa kuvitesa vidonge kabla ya kuuza, miezi sita kwenye nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75. Ila vinateswa vikiwa ndani ya pakti yake. Hakuna kiwanda kinachokuahidi chochote baada ya wewe kuvimimina kwenye kopo, na hilo watu hawaambiwi dirishani, unapewa dawa unaambiwa mara mbili kwa siku, anayefuata.

Usijilaumu sana lakini, maana hata wenye maabara za mabilioni hili limewapiga. Kesi kubwa kuliko zote ni ya ritonaviri, dawa ya virusi vya ukimwi ya kampuni ya Abbott. Ilitoka 1996, dawa yenyewe ilikua imeyeyushwa kabisa ndani ya kapsuli kwahiyo wakaona habari za fuwele haziwahusu, na kipindi hicho walikua wanajua mpangilio mmoja tu. Mwaka 1998 kapsuli zikaanza kufeli kipimo cha kuyeyuka, bechi moja, nyingine, kumbe ndani kuna fuwele zimejitengeneza za mpangilio mwingine ambao hakuna aliyewahi kuuona, umeshikana zaidi, unayeyuka kidogo mno ukilinganisha na wa kwanza. Na hapa ndo panaogopesha: ule mpangilio mpya ulipojitokeza, ule wa zamani ukawa hautengenezeki tena kwenye maeneo yaliyoguswa. Chembe moja isiyoonekana ya mpya ikiingia kwenye mtambo inawafundisha wenzake wote kujipanga kama yenyewe. Kapsuli zikaondolewa, watu ambao maisha yao yalikua yanategemea ile dawa wakahamishiwa ya maji ambayo ladha yake ilikua ya kutisha, mwaka 1999 ikaja kapsuli laini inayotakiwa kukaa kwenye friji, na kidonge cha ritonaviri peke yake kisichohitaji friji kilipatikana 2010. Molekuli haikubadilika hata chembe muda wote huo.

Na ile tiba waliyoipata ndo inajibu swali lako la kusaga. Walichukua dawa wakaiyeyusha kwa joto pamoja na plastiki maalum inayoyeyuka kwenye maji, wakapoza haraka, molekuli zikanasa mle ndani zikiwa ovyo, amofasi, zimeshikiliwa zisipate nafasi ya kujipanga. Vidonge vinavyochanganya ritonaviri na lopinaviri, dawa nyingine ya ukimwi, viko hivyo. Sasa watoto wasioweza kumeza kidonge kizima wakawa wanasagiwa, ikaja kupimwa, dawa iliyofika kwenye damu ilishuka karibu nusu. Unaona ilivyo kichwa chini? Nimetoka kukuambia kusaga kunaongeza eneo kunayeyusha haraka, na hapa kusaga kumeiua dawa. Ndo maana nakuambia usitumie akili ya kawaida kwenye kidonge, uliza kidonge hicho kimetengenezwaje.

Kwa karbamazepini ya mama: usivisage. Kama ni vidonge vya kawaida vilivyogeuka ndani, ukivisaga utavunja ule ugumu lakini fuwele iliyogeuka imeshageuka, itatoka kiasi usichokijua, leo nyingi kesho kidogo, na kwa kifafa hilo kuyumba ndo baya lenyewe. Na kama ni zile za kutoa dawa polepole, mara nyingi pakti ina herufi za ziada baada ya jina, ukisaga umempa dozi ya siku nzima kwa mkupuo mmoja.

Turudi kwenye kampuni kubadilika maana nako umeuliza, na hapa nataka kuwa mwangalifu. Mimi sio wale wa kusema dawa za kampuni ndogo ni uchafu, nimefanya kazi na vidonge vya bei ya chini ambavyo vilikua vimetengenezwa kwa adabu kuliko vya jina kubwa. Kampuni ikitaka kuuza dawa isiyo na jina, yani nakala ya dawa ya kampuni iliyotangulia, inatakiwa kuonyesha kwamba kwenye damu ya watu inafanana na ile ya kwanza, na kipimo kinasema wastani pamoja na shaka yake yote ya kihesabu viangukie kati ya asilimia 80 na 125. Watu wakisikia hivyo wanashtuka wanasema kumbe dawa ina asilimia 80 tu. Hapana. Dawa ndani ni ileile, hiyo ni nafasi ya hesabu za damu, na ili shaka yote iingie humo wastani wenyewe lazima uwe karibu na 100. Kwa dawa nyingi inatosha kabisa. Ila kuna dawa chache ambazo kati ya kutosha na kuzidi pamebana, za kifafa baadhi, ya kuzuia damu kuganda, ya tezi ya shingo, na Ulaya kwa dawa zilizobana hivyo wanaweza kubana kipimo mpaka 90 kwa 111. Kwa hizo mimi ushauri wangu siku zote ni ukizoea kampuni moja kaa nayo, na ukibadilishiwa mjulishe daktari. Kwahiyo kwa mama kuna washukiwa wawili, kampuni mpya na kopo la bafuni, na siwezi kukaa huku nikakuambia asilimia ngapi ni nani, ila kwa ule ugumu mkono wangu unanyooka kwenye kopo. Washukiwa wengine atawauliza daktari: kuna dozi alizosahau, alitapika, ana homa, ameanza dawa nyingine.

Niongeze moja hapo dukani ambayo inachanganya watu sana, habari ya chumvi. Dawa nyingi haziwekwi peke yake, zinaunganishwa na kitu kingine zikawa chumvi ili ziyeyuke vizuri au zitulie, ndo maana unaona jina la dawa halafu sodiamu, au potasiamu, au haidrokloraidi. Uzito wa huyo mwenzake unahesabika, naproksini sodiamu 550 ni sawa na naproksini 500, mtu anakimbilia ya 550 anadhani kaongezewa. Diklofenaki ya potasiamu huwa inatengenezwa iachie haraka kwa maumivu ya sasa hivi, ya sodiamu mara nyingi imefunikwa koti ili ipite tumbo kwanza ikaachie kwenye utumbo. Amoksilini ya kapsuli ni haidreti yenye maji matatu, ya sindano ni chumvi ya sodiamu kwa sababu inatakiwa iyeyuke kabisa kwenye kile kimiminika kidogo cha sindano.

Na usidhani kuyeyuka taratibu ni ubaya siku zote. Penisilini ya sodiamu au potasiamu ukimchoma mtu inaisha mwilini baada ya masaa machache, ndo maana wodini wanachoma kila baada ya masaa kadhaa mpaka mgonjwa anamchukia nesi. Penisilini hiyohiyo ukiiunganisha na benzathini inakua chumvi inayokataa kuyeyuka, unaichoma kwenye msuli inakaa pale kama akiba inaachia kidogo kidogo, na mwenye homa ya baridi yabisi iliyoshika moyo anachomwa mara moja kila wiki tatu au nne. Hawakugusa ile penisilini, walibadilisha mwenzake tu fuwele ikawa ngumu kuyeyuka. Insulini nayo, miaka ya 1950 walikua wanachanganya asilimia 70 ya fuwele na 30 ya amofasi, amofasi inaanza haraka fuwele inashika usiku, dawa moja imegawiwa zamu mbili kwa mpangilio tu. Ndo maana insulini ya rangi ya maziwa inazungushwazungushwa kabla ya kuchoma na haitakiwi kuganda kwa barafu, zile chembe zikishikamana ukubwa umebadilika na hesabu yote imekufa.

Sasa mama afanyeje. Kwenye hilo kopo msiongeze wala msipunguze, lirudisheni lote duka la dawa mkieleze kisa chote, na wakiuliza mbona mnarudisha onyesheni kidonge kimoja cha kopo na kimoja kipya cha pakti muwape wavunje kwa vidole, wenyewe wataona. Chukua vidonge vipya vikae kwenye pakti yake kila kimoja kwenye kishimo chake mpaka dakika ya kumeza, na kama ni ya chupa basi kile kifuko kidogo kilichoandikwa usile kibaki humo humo na kifuniko kikazwe. Chumba cha kulala, kabati la juu, mbali na bafu, mbali na dirisha lenye jua. Tatizo la kusahau andika kwenye karatasi ya siku saba umbandikie ukutani, au kile kiboksi cha siku weka vya siku mbili tatu sio vya mwezi. Daktari mwombe ampime kiwango cha karbamazepini kwenye damu, kipo kipimo hicho, na damu ichukuliwe kabla ya dozi ya asubuhi, na mpe majina ya kampuni zote mbili ukiweza na pakti zenyewe.

Na kuna jambo moja hujaniuliza ila linanisumbua tangu nilivyosoma. Umesema ameanguka mara mbili, hujasema kama kuna mtu ameshampandishia dozi. Kama mmeongeza, iwe daktari au nyie wenyewe nyumbani kwa uoga, basi mwambieni daktari mapema kabla mama hajaanza vidonge vipya. Maana mlikua mnaongeza juu ya vidonge visivyoachia, vipya vitaachia vyote, na yaliwahi kutokea Brisbane huko Australia 1968 kwa dawa nyingine ya kifafa, fenitoini, kiwanda kilibadilisha tu unga wa kujazia kapsuli kutoka kalsiamu salfeti kwenda laktosi, dawa ikaanza kuachia zaidi, na wagonjwa waliokua wametulia miaka wakaanza kupepesuka kama walevi kwa dozi ileile. Kwahiyo hizo wiki mbili za kwanza za vidonge vipya mwangalie mama: akianza kuona vitu viwili viwili, kizunguzungu, kutembea anayumba, kusinzia kusiko kwa kawaida au kutapika, mpigie daktari siku hiyo hiyo, na umwambie kwamba amebadilisha kutoka vidonge vya kopo kwenda vya pakti.